Mtoto Ashike Kalamu Mwenyewe

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Tumetakiwa tueleze habari za darasa la mashairi la watoto, linalofanyika kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi huu. Hesabu ya madaftari na kalamu mtaikuta katika taarifa ya Mweka Hazina, kwa hiyo hatutairudia. Sisi twataka kusema juu ya jambo lisiloingia katika hesabu, nalo ni hili: mtoto hufundishwaje kutunga shairi, na sisi wakubwa, kwa mapenzi yetu wenyewe, twaweza kumzuiaje asitunge kamwe.

Twaanza na kosa letu, maana anayetaka kukabidhiwa watoto wa watu yampasa kwanza akiri alipokosea.

Katika sherehe ya mwaka uliopita tuliweka tuzo kwa shairi bora la mtoto. Mada tuliichagua sisi, nayo ilikuwa Faida za Elimu. Mtoto mmoja wa kiume, mwenye miaka 11, aliibuka mshindi. Shairi lake lilikuwa la beti sita, vina vimekaa mahali pake, mizani haikupungua hata moja. Alilighani vizuri, ukumbi ukamshangilia. Ndipo mzee wetu mmoja, kwa furaha wala si kwa nia mbaya, akamwuliza, "Mjukuu wangu, hilo neno 'adhimu' ulilolitumia katika ubeti wa tatu, maana yake nini?"

Mtoto akanyamaza. Akamtazama baba yake. Watu wote wakafuata macho ya mtoto, na kila mtu akafahamu.

Tuzo hatukuirudisha, wala hatukusema neno. Lakini Jumamosi iliyofuata mtoto hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Tulipokwenda nyumbani kwao kumwuliza hali, baba yake alitupokea vyema, akatuambia maneno ambayo hatujayasahau: "Ndugu zangu, sikutaka mwanangu aaibike mbele ya wazee kwa shairi bovu." Kumbe katika kumkinga na aibu ndogo, alimtia katika aibu kubwa. Nasi hatuwezi kumlaumu peke yake. Tulipoyasoma upya mashairi yaliyosalia katika mashindano yale, tuliona kwamba karibu yote yana mkono wa mtu mzima. Elimu ilikuwa taa katika hili, ufunguo katika lile, na bahari katika la tatu. Hapakuwa na mtoto ndani yake.

Tulijiuliza sababu, tukaiona kuwa ni nyepesi. Mtoto wa miaka 11 hana neno lake mwenyewe la kusema juu ya Faida za Elimu. Yote ayajuayo juu ya mada hiyo ameyasikia kwa wakubwa. Basi tulipompa mada ile, tulikuwa tumekwisha kumtuma kwa wakubwa akaombe maneno. Baba alifanya yale ambayo mada yetu ilimtaka afanye.

Tangu siku ile tumekuwa na mashauri marefu katika Kamati, na yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tulikumbushana habari za mama mmoja wa pwani yetu. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane. Aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wengi wetu twajua kwamba utenzi ule una mawaidha ya dini na ya unyumba. Lakini yafaa tuangalie unavyoanza. Mama amwita binti asogee karibu, amwambia alete wino na karatasi. Yaani kalamu ilikuwa mkononi mwa mtoto. Mama alitoa maneno, mtoto akayaandika, wamekaa pamoja. Wala mama yule hakupewa mada na kamati yo yote. Alisema yaliyokuwa moyoni mwake siku zile za ugonjwa, akijua kwamba huenda hatapata nafasi nyingine ya kuyasema. Hakika alifariki yapata miaka miwili baadaye.

Katika mwanzo ule twaona mambo mawili: mkubwa kuketi karibu, na mtoto kushika kalamu. Sisi tulikuwa tumeyageuza. Mtoto aliketi, na mkubwa akashika kalamu.

Sasa tueleze njia tunayoifuata, ili kila mzazi aijue na aweze kuitumia nyumbani.

Jambo la kwanza ni sikio. Zamani tulianza kwa ubao na chaki. Tuliandika kwamba shairi lina mistari minne katika kila ubeti, kila mstari una mizani 16, umegawanyika vipande viwili vya mizani nane nane, na kila kipande kina kina chake. Watoto walinakili, wakakariri, na wasiweze kutunga. Ni kama kumweleza mtu habari za kuogelea akiwa juu ya kitanda. Siku hizi hatuandiki kitu katika majuma ya mwanzo. Twaghani. Mzee mmoja hughani ubeti, watoto wakaupokea, mara tatu, mara nne. Twategeana vitendawili. Mama zetu huwaimbia nyimbo za kuongoa watoto wachanga, na hata vijana wanaojiona wakubwa husikiliza. Baada ya majuma hayo, mstari ukipungua mizani moja, mtoto hukunja uso kabla hajahesabu. Sikio lake limekwisha kujua.

Na mizani iliyokaa sikioni haimtoki mtu. Bwana Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu wa Mombasa, alifungwa gerezani tangu mwaka 1969 hata 1972 kwa sababu ya maandishi ya siasa. Huko alitunga mashairi akayaandika kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yakatoka katika kitabu Sauti ya Dhiki mwaka 1973, kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Hakuwa na ubao wala kitabu cha sheria za kutunga, lakini mashairi yale yamefuata mizani na vina vya wazee wake. Alivichukua kichwani, na hapakuwa na askari wa kumnyang'anya.

Jambo la pili ni jicho. Kila mtoto hutakiwa aje na kitu kimoja alichokiona mwenyewe kati ya nyumbani kwao na ukumbi huu. Kiwe kimoja tu. Asije na "uzuri wa Mombasa" wala "umuhimu wa usafi." Kisha twamwuliza: Kilikuwa wapi? Nani alikuwa karibu? Kilitoa sauti gani? Wewe ulikuwa umesimama wapi? Kazi yetu ni kuuliza, na baada ya kuuliza, kunyamaza. Twakiri kwamba kunyamaza ndiko kulikotushinda zaidi, kwa kuwa mtu mzima akiona mtoto anatafuta neno, neno humtoka mwenyewe mdomoni.

Tutoe mfano. Msichana mmoja wa miaka 12 alisema kwamba hakuona kitu njiani ila mitungi ya maji. Tukamwuliza mitungi ilikuwaje. Akasema ilikuwa bombani, na wenyewe hawapo. Watu wameiacha mitungi ishike foleni kwa niaba yao, wao wamekwenda zao kufanya kazi nyingine mpaka maji yatoke. Tukamwuliza alijuaje ule wa kwao. Akajibu kwamba kishikio chake kilikatika, mama yake akaufunga kamba shingoni. Basi tukamwambia aandike hayo hayo.

Mstari wake wa kwanza uliandikwa hivi: Mitungi imepanga foleni. Wenzake wakaupiga makofi, wakapata mizani kumi. Alikuwa akitaka utenzi, ambao mstari wake ni wa mizani nane. Akafuta, akatafuta, akapata "iko." Katika mstari wa tatu aliandika: wetu kamba iko shingoni. Makofi yakatoka tisa. Hapo alikwama kwa muda mrefu. Bibi mmoja, mwanachama wetu ambaye siku hiyo alikuja kumsindikiza mjukuu wake, akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi zamani tulisema kamba i shingoni." Mtoto akapiga makofi, yakawa nane. Akacheka kwa furaha. Ubeti ukatoka hivi:

Mitungi iko foleni,
wenyewe wa majumbani,
wetu kamba i shingoni,
kwa hiyo nautambua.

Hatusemi kwamba ubeti huu utaishi kama maneno ya Muyaka bin Haji. Twasema kwamba mtoto yule ukimwuliza maana ya kila neno atakujibu, na ukimwuliza kuhusu kamba ile atakupeleka bombani ukaione. Tena angalieni kazi ya bibi yetu. Alitoa neno moja dogo, akarudi kukaa. Hakutunga ubeti. Alijua jambo ambalo sisi wanakamati wa Elimu tulikuwa hatujalijua.

Jambo la tatu ni kipimo, nacho huja baada ya sikio na jicho. Hapa twafundisha kwa makini, wala hatuwaonei watoto huruma isiyo na faida. Twawaonyesha kwamba mizani huhesabiwa kwa sauti, si kwa herufi. Neno "mbuni," likiwa ni yule ndege mkubwa asiyeruka, lina mizani mbili. Neno lilo hilo, likiwa ni mti uzaao buni za kahawa, lina mizani tatu, kwa kuwa ile "m" yasimama peke yake. Maandishi ni mamoja, lakini sikio lasikia tofauti. Watoto hulipenda sana jambo hili, na kwa siku nyingi huenda wakitafuta maneno mengine ya namna hiyo ili wawashinde walimu wao.

Vina navyo vina hatari yake. Mtoto mmoja alitunga habari za mama yake aliyekuwa akifua nguo huku akiimba. Ulipofika mstari wa pili, simba akatokea uani. Tukamwuliza, "Je, simba huyo ulimwona?" Akasema, "Sikumwona, lakini nilikuwa na 'kuimba.'" Tulicheka pamoja naye, kisha tukamweleza kwamba kina ni mtumishi. Ukimfanya bwana, atakuletea simba nyumbani kwa mama yako. Wazee, tusiwacheke watoto peke yao. Katika mashairi mangapi ya watu wazima tumekutana na simba kama yule!

Juu ya maneno twashika kanuni ifuatayo. Mtoto wa nyumba isemayo "ndia" badala ya "njia," au "nti" badala ya "nchi," hatumwambii katika shairi kwamba amekosa, maana hiyo ndiyo lugha ya Kimvita na Kiamu waliyoitumia malenga wetu wa kale. Na mtoto ambaye nyumbani kwao husemwa Kigiriama, Kidigo, Kitaita, Kikamba au Kijaluo, kama ana neno la kwao ambalo Kiswahili chake bado hakijalipata, na alilete, alieleze kwa wenzake. Chama chetu ni cha watu wa makabila mengi, na darasa halina budi kufanana na chama.

Sasa tujibu maneno matatu ambayo tumeyasikia kwa wanachama, maana si vema tuyaache yazunguke barazani bila jibu.

Wa kwanza wasema kwamba tumeiacha sheria, na kwamba tutawalea watoto wa kutunga mashairi yasiyo na vina. Ugomvi huu si mpya. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Tanganyika alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na wengi wa rika la wazee wetu walijifunza kwa kitabu hicho. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Bwana Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani isiyofungwa na vina wala mizani, na malenga wakashindana kwa maneno makali muda mrefu. Leo watoto wetu wasoma namna zote mbili shuleni. Sisi hatukuitwa kuwa mahakimu wa ugomvi huo. Twasema tu kwamba sheria ya shairi ni mali ya mtoto, urithi wa wazee wake, na kumnyima ni kumdhulumu. Lakini urithi hupewa mtu aliye hai. Mtoto asiye na neno la kusema, ukimpa mizani 16, umempa mtungi mtupu.

Tena twaongeza neno moja la zama zetu. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kumtungia mtu shairi juu ya Faida za Elimu, lenye vina kamili, kwa muda wa kumeza mate. Ikiwa tulichokuwa tukikitafuta ni vina kamili peke yake, basi kazi yetu imekwisha, na darasa lifungwe. Lakini simu haijui mtungi wa nani una kamba shingoni.

Wa pili wasema kwamba ushairi hauleti riziki, heri watoto wafundishwe hesabu zaidi. Hatutawadanganya. Hatuahidi kwamba mtoto atalipwa kwa mashairi. Twasema kwamba mtoto aliyezoea kupima neno kabla ya kulitoa, kufuta lililozidi, na kusema aliloliona bila ya kutia chumvi, atafaa katika kazi yo yote, na atafaa hasa katika mikutano kama huu. Wazee wetu wajua ni ugomvi mara ngapi umeingia chama hiki kwa sababu ya mtu kusema maneno kumi pahali pa nane.

Wa tatu wasema kwamba twawafanya watoto wasiwaheshimu wakubwa, kwa kuwa tumewaambia wasiwatungie wageni mashairi ya sifa. Hili latutaka tulieleze kwa adabu. Ni desturi yetu kwamba akija mgeni wa heshima, mtoto husimamishwa akamsifu kwa beti nne au tano. Mtoto yule mgeni hamjui. Hajapata kumwona. Twamfundisha kwamba shairi ni kusema usiyoyajua juu ya mtu usiyemjua, ili upigiwe makofi. Heshima ya kweli kwa wakubwa tumeiona katika njia nyingine, nayo ni kujibizana. Wazee wengi mwakumbuka jinsi wasomaji walivyoulizana na kujibiana kwa mashairi katika Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, na katika Baraza letu la Kenya, lililoanza mwaka 1939. Muyaka bin Haji naye, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, alitunga juu ya vita vya Mombasa, juu ya ndoa, na juu ya mafumbo aliyoulizwa na wenzake, na watu wakayashika kwa vinywa mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya, na mwaka 1940 yakatolewa kitabu. Basi tumewafanya watoto wamwulize mzee swali moja kwa ubeti mmoja, na mzee amjibu kwa ubeti mmoja. Mtoto mmoja alimwuliza mzee wetu kwa nini hufunga mlango kwa kufuli mbili na hali ndani hamna kitu. Mzee alicheka hata machozi yakamtoka, akachukua juma zima kutunga jibu. Twaamini kwamba mtoto yule sasa amheshimu mzee kuliko mgeni ye yote aliyepata kumsifu.

Wazee na ndugu, kwa hayo twauomba mkutano huu mambo manne.

La kwanza, mashairi ya sifa kwa wageni yaachwe kwa watu wazima wenye kuyapenda. Watoto wasisimamishwe tena kwa kazi hiyo.

La pili, tuzo ya mwaka iendelee, lakini shairi litungwe hapa ukumbini, mbele ya wenzake mtoto, na kabla ya kupewa tuzo aulizwe maana ya maneno yake. Aulizwe darasani, kwa upole, si jukwaani mbele ya umati.

La tatu, kila Jumamosi wazee wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, waje kwa zamu kuketi na watoto. Hawatafundisha. Watasikiliza, watauliza, na wakiombwa neno watalitoa. Hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Katika miaka hii michache tumezika wazee kadhaa waliokuwa na maneno ya bahari, ya ujenzi wa vyombo, ya ususi wa mikeka, ya upishi na ya unyago, ambayo hayamo katika kamusi za watoto wetu. Kila Jumamosi inayopita bila ya mzee kuketi hapa, pana neno ambalo halitaulizwa tena.

La nne, daftari la kila mtoto liwe mali yake, akae nalo, na nakala ya shairi moja lililo bora la kila mmoja iwekwe katika kabati la chama. Wajukuu wa watoto hawa watataka kujua kwamba palikuwa na siku watu wa Mombasa walipangia maji foleni kwa mitungi.

Kabla hatujamaliza, yatupasa tuwaambie habari ya yule mtoto wa tuzo, kwa sababu wengi wenu mmetuuliza.

Alikaa miezi mitatu bila kuja. Siku moja alitokea mlangoni, akakaa nyuma, asiseme kitu. Hatukumwuliza. Jumamosi ya tatu akaleta ukurasa mmoja. Baba yake ni mlinzi wa usiku, naye hulala mchana. Mtoto alikuwa ameandika kwamba nyumbani kwao watu hunong'ona adhuhuri, na kwamba mama hutundika leso dirishani ili jua lisimguse baba usoni. Aliandika pia kwamba yeye mwenyewe amejifunza kuufungua mlango taratibu hata usilie. Mizani ilipungua katika mistari mitatu. Neno "adhimu" halikuwamo.

Tulimwomba ruhusa tumwonyeshe baba yake, akakubali. Baba alilisoma akiwa amesimama, amevaa nguo za kazi, yu tayari kuondoka. Alipomaliza alikaa kimya, kisha akamwambia mwanawe, "Ule mlango, mimi husikia. Kila siku husikia ukifunguliwa polepole, ndipo nikajua umerudi salama, nikalala vizuri."

Mtoto akaomba kalamu. Akaongeza ubeti, akiwa amepiga magoti kando ya kiti, baba yake akimngoja. Baba hakumpa hata neno moja zaidi. Ubeti ule ulikuwa na mizani kamili, nao ndio ulio bora katika kabati letu. Hatuusomi hapa, kwa kuwa mtoto mwenyewe ametuambia kwamba atausoma siku atakayotaka yeye.

Nasi twamngoja. Twawaomba nanyi mngoje pamoja nasi, na Jumamosi zijazo mje mketi. Wahenga walisema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mtoto si samaki. Akunjwe adabu, mkono wake wenye kalamu uachwe huru.



Sisi wenu watiifu,
Kamati ya Elimu